Mashati Matano kwa Upande

Shati la tatu lilikuwa jeupe, la mikono mirefu, na alianza na kola kama kawaida yake. Aliinyosha kutoka nchani kwenda katikati, upande wa ndani kwanza, kisha akaigeuza. Nyuma yake, juu ya meza ndogo, gramafoni ilikuwa inazungusha santuri, na mwanamke wa kofia nyekundu, yule wa jaladani, alikuwa ameufikia ubeti wa pili wa wimbo wa tatu. Mama Pasi hakuhitaji kutazama. Alipiga mkono wa kulia wa shati, akapiga wa kushoto, akageuza mgongo, na sauti ilipofika mahali pake ikakwama.

"Nikimaliza," iliimba santuri. "Nikimaliza, nikimaliza, nikimaliza."

Aliisimamisha pasi juu ya kigae, akafuta mkono kwenye aproni, akatembea hatua tatu na kuusukuma mkono wa gramafoni kwa kidole cha mwisho, kidogo tu, kama mtu anayeamsha mtoto. Sindano iliruka mkwaruzo, wimbo ukaendelea mbele yake. Aliporudi mezani alilowesha kidole, akaligusa tako la pasi na kusikiliza linavyolia. Moto ulikuwa umepungua kiasi cha kufaa mgongo wa shati jeupe.

Alifanya kazi hivyo kwa miaka ishirini na minane. Upande mmoja wa santuri ulikuwa na nyimbo tano, na nyimbo tano zilikuwa mashati matano. Upande ukiisha na mkaa nao umechoka. Aliigeuza santuri, akatia mkaa mwingine, akaanza tena. Kwa mashati kulikuwa na albamu ya Kofia Nyekundu. Kwa suruali kulikuwa na albamu ya Ngazi, ambayo jalada lake lilionyesha wanamuziki saba wamesimama kwenye ngazi za jengo fulani, wote katika suti za rangi moja. Kwa mashuka kulikuwa na Mzee wa Saksafoni, ambaye albamu yake haikuwa na neno hata moja, maana shuka ni kitu kirefu na maneno hulikatisha. Majina ya kweli ya wanamuziki hao yalikuwa yameandikwa kwenye majalada, lakini nyumbani humo hakuna aliyeyatumia.

Albamu zote tatu, pamoja na gramafoni yenyewe, zilitoka chumba cha kufulia nguo cha hoteli alikojifunzia kazi. Hoteli ilipofungwa, meneja aliwaambia wafanyakazi kila mmoja achukue kitu badala ya mshahara wa mwisho. Wenzake walibeba mafeni, masufuria na magodoro. Yeye alibeba muziki, wakamcheka mpaka getini. Mkwaruzo ulikuwepo tangu huko. Hakuwahi kuusikia wimbo wa tatu bila mkwaruzo huo.

Msimamizi wa nyumba alipiga hodi shati la tano likiwa bado mezani. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa maneno, aliyefunga vifungo vyote mpaka shingoni. Yeye mwenyewe alikuwa mteja. Mashati yake ya wiki yalikuwa matano, upande mmoja kamili. Alimwamkia kwanza mama mkwe, bibi kipofu aliyekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, kisha akamwambia Mama Pasi kwamba nyumba sasa ina mwenyewe mpya, na mwenyewe huyo hataki muziki uani. Isitoshe, muuguzi wa ghorofani anafanya kazi ya usiku na mchana anashindwa kulala.

Mama Pasi aliuliza kama muuguzi ndiye aliyelalamika. Msimamizi akasema ndivyo mambo yalivyo. Mama Pasi alichungulia dirisha la muuguzi ng'ambo ya ua, akaona pazia limefungwa. Mtu anayekesha na wagonjwa ana haki ya kulala, alijisemea. Akatembea hatua tatu na kuinua sindano kwa mkono wake mwenyewe, katikati ya wimbo wa mwisho.

"Hata shati la watu hujalimaliza," mama mkwe alisema, lakini haikujulikana anamwambia nani.

*

Siku ya kwanza ya ukimya Mama Pasi alipiga mashati kumi na moja mpaka adhuhuri, wakati desturi yake ilikuwa ishirini. Kila mara alijikuta amesimama, pasi mkononi, asijue amefika wapi. Mkaa ulimzimikia mara mbili. Jioni, mumewe aliporudi kutoka kazini, walimkuta mama mkwe ameshikilia vidonge vyake vya mchana kiganjani. Kila siku huvimeza upande wa pili wa Ngazi ukiisha. Alikuwa amekaa hapo tangu saa saba akingoja uishe.

"Hamkuniambia kama saa imeondolewa nyumbani," alisema, na vidonge vilikuwa vimeshaanza kuyeyuka kwa jasho la mkono.

Mumewe Mama Pasi alikuwa fundi rangi. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yapite. Aliizungushia gramafoni shuka kuukuu, akaisukuma chini ya kitanda, na kusema kwamba watazoea.

Binti yao, aliyeajiriwa kwenye duka la simu, ndiye aliyeleta dawa. Siku ya tatu alimjia mama yake na simu ya zamani na vijiwaya vya kuvaa masikioni. Alisema albamu zote tatu ameziona kwenye mtandao na amezitia humo, upande kwa upande. Tena zimesafishwa, hazina vumbi wala mikwaruzo. Alisema mama atapiga pasi kama zamani na hakuna jirani atakayejua. Mama Pasi alimshukuru kwa moyo mweupe. Alifurahi hasa kwa sababu mtoto alikuwa amezikumbuka zote tatu bila kuulizwa.

Asubuhi iliyofuata alivaa vile vijiwaya, akaiweka simu katika mfuko wa aproni na kuanza. Kofia Nyekundu aliimba ndani ya kichwa chake kana kwamba amekaa begani. Shati la kwanza lilikwenda vizuri. La pili likaenda vizuri zaidi. La tatu lilikuwa jeupe, la mikono mirefu. Akapiga kola, akapiga mikono, akageuza mgongo, na wimbo ulipokaribia mahali pake mkono wake ulisimama wenyewe, ukingoja neno likwame.

Neno halikukwama.

"Nitakuja nikimaliza," aliimba yule mwanamke, na bila kupumua akaendelea, "nina kazi, sitoki, mwenye neno na aingie." Ndipo ukafuata mstari ambao Mama Pasi aliuzoea: "Mlango uko wazi."

Alisimama pale pale. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa akiujua wimbo huo kuwa wa mwanamke anayeitwa mlangoni, anayeomba amalize kazi yake kwanza, kisha anainuka na kwenda kuwafungulia waliomwita. Alikuwa hata akimwonea huruma. Kumbe hakuinuka. Kumbe mlango ulikuwa wazi siku zote, na aliyetakiwa kutembea hakuwa yeye. Mama Pasi alitoa simu mfukoni ili aurudishe wimbo nyuma, akawa anababaisha kidole kwenye kioo, mkono wa pili ukiwa bado juu ya pasi.

"Kinaungua nini humo?" mama mkwe aliuliza kutoka mlangoni.

Mgongoni mwa shati palikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la pasi, kamili toka nchani mpaka kisiginoni. Mama Pasi aliisimamisha pasi kwenye kigae. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuunguza shati. Kisha akageuza kola asome alama ya mwenyewe, ingawa alikuwa anajua. Lilikuwa la msimamizi.

*

Ofisi ya msimamizi ilikuwa chumba cha kwanza ukiingia getini. Ndani kulikuwa na mgeni, kwa hiyo mlinzi alimwambia Mama Pasi asubiri kwenye benchi. Alikaa, shati mapajani, upande ulioungua juu, kwa sababu hakutaka mtu aseme alikuja akificha. Wapangaji walipita wakienda bombani. Mmoja alisimama akalitazama shati na kumuuliza kama siku hizi anawapigia wateja muhuri. Mama Pasi alimjibu kwamba huo ni wa wateja maalum tu. Mlinzi akacheka, na mpangaji akaenda zake na ndoo yake. Mama Pasi alikaa hapo karibu saa nzima.

Alipoingia, msimamizi alilikunjua shati na kuliinua dirishani, mwanga ukapita kwenye alama. Akasema hilo ndilo alilokuwa amelipangia Jumamosi, siku ambayo mwenye nyumba analeta wageni wa kuitazama nyumba. Hakupandisha sauti. Mama Pasi alisema kosa ni lake na atalilipa.

Msimamizi akafungua droo, akatoa karatasi iliyopigwa chapa na kuisukuma mpaka ukingoni mwa meza, kalamu juu yake. Ilisema kwamba mpangaji amekubali kutopiga muziki wa aina yoyote, na kwamba ataiondoa gramafoni katika eneo la nyumba kabla ya mwisho wa wiki.

"Weka sahihi hapa, mama," alisema, "na habari ya shati tuifunge. Sitakudai hata kifungo."

Mama Pasi aliisoma karatasi mara mbili. Alikuwa msomaji wa polepole, na msimamizi akaanza kupanga kalamu zake. Mama Pasi akamuuliza: juzi ilikuwa kelele za mchana, leo imekuwaje chombo chenyewe kitoke? Msimamizi alisema hayo ni matakwa ya mwenye nyumba. Akauliza habari ya muuguzi. Msimamizi alisema muuguzi naye ni mpangaji kama wapangaji wengine, kisha akazipanga kalamu upya.

"Shati nimeunguza mimi, na deni ni langu," Mama Pasi alisema. "Nitakupigia pasi bure pande kumi na mbili. Lakini hii karatasi ni jambo lingine, bwana msimamizi. Usinifungie mambo mawili kwenye furushi moja."

"Pande ndiyo nini?"

"Mashati matano kwa upande."

Msimamizi alifanya hesabu kichwani, akaona ni mashati sitini, na kwamba thamani yake inazidi ya shati lile. Ilimuudhi zaidi kuliko kama angekataa kulipa. Akalikunja shati vibaya, akamrudishia. Alisema sahihi ataipokea kesho kabla ya adhuhuri, hapo hapo ofisini. Bila sahihi, chumba atapewa mtu mwingine. Watu wanaokitaka wapo, na hawana makelele.

*

Alasiri hiyo Mama Pasi alimkuta muuguzi bombani, amevaa kanzu ya kulalia, macho mekundu. Alimwamkia, kisha akamwomba radhi kwa miaka yote aliyomnyima usingizi. Muuguzi aliweka ndoo chini. Alisema hajawahi kumlalamikia mtu. Yeye hurudi kutoka zamu, huoga, na Kofia Nyekundu akianza anakuwa tayari kitandani. Upande wa pili haujui, maana hajawahi kuufikia akiwa macho. Ni siku hizi za ukimya ndizo zinazomshinda. Sasa anasikia kila ndoo na kila mlango. Mama Pasi aliuliza mbona pazia huwa limefungwa. Muuguzi akasema dada, nalala mchana, ulitaka nilale pazia wazi?

Mumewe aliporudi, rangi ikiwa imemkauka kwenye nywele, alikuta shati lililoungua limetundikwa ukutani. Alisimuliwa yote. Alikaa kitandani, juu ya mahali gramafoni ilipofichwa, akavua viatu polepole.

"Weka sahihi, mke wangu," alisema. "Kwa umri huu tuhamie wapi kwa ajili ya sahani tatu za santuri? Na mama je? Chumba hiki anakijua kwa miguu. Kingine ataanza kujikwaa upya."

Hilo lilikuwa kweli, na Mama Pasi hakulipinga. Alichukua simu, akampa mumewe kijiwaya kimoja, kingine akakivaa mwenyewe, wakasikiliza wimbo wa tatu wakiwa wamekaribiana vichwa. Ilipofika ile mistari, fundi rangi aliinua macho.

"Kumbe," alisema.

"Kumbe."

"Miaka yote hiyo nimemsikitikia bure."

Lakini alikivua kijiwaya akasema wimbo ni wimbo, haumlindi mtu na mvua. Mama Pasi akamjibu kwamba kodi ya chumba hicho imetoka kwenye ile meza mwezi kwa mwezi, na haijachelewa hata mwezi mmoja. Yeye hamfukuzi mtu kwake. Anachotaka ni kwamba mwenye neno aje aliseme hapa, mbele ya pasi, mbele ya mama, asimkalishe kwenye benchi kama mwizi. Na akija, amwambie la kweli, asimsingizie muuguzi.

"Na akitutoa?"

"Atutoe akiwa amesimama mlangoni mwangu. Si mimi nikiwa mlangoni mwake."

Aliyejibu ni mama yake fundi rangi, kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti ya mtu anayezungumza na ukuta. Alisema anamjua kijana mmoja aliyetumwa kupaka rangi chumba cha kufulia cha hoteli, ukuta mmoja tu, kazi ya siku mbili. Kijana yule aliupaka ukuta ule kwa wiki tatu. Msimamizi wake alipouliza, alisema ukuta unanyonya. Kumbe alikuwa anangoja kila siku Ngazi ziishe upande wa pili, ili amsindikize dobi kituoni.

"Mama," fundi rangi alisema.

"Nimetaja jina la mtu?"

Fundi rangi alitoka akaenda kuoga, na maji yalisikika yakimwagika muda mrefu.

*

Asubuhi fundi rangi aliondoka mapema kuliko kawaida. Mama Pasi alipoamka alikuta gramafoni juu ya meza yake ndogo, shuka kuukuu limekunjwa kando. Vumbi lilikuwa limefutwa. Sindano ilikuwa imesafishwa, na brashi ndogo ya rangi, ile laini anayomalizia nayo pembe za madirisha, ilikuwa imeachwa pale pembeni.

Aliwasha mkaa, akaupepea mpaka ukawa mwekundu. Akaweka Kofia Nyekundu. Alipoifungulia sauti, hakuipandisha wala hakuishusha. Aliiacha ilipokuwa siku zote.

Shati la kwanza lilikuwa bado halijaisha mlinzi alipokuja kusema anaitwa ofisini na asisahau kwamba mwisho ni adhuhuri. Mama Pasi alimwambia nitakuja nikimaliza. Mlinzi aliondoka. Shati la pili lilikuwa limefika kwenye vifungo aliporudi, amechoka kutembea, na kusema msimamizi anamtaka sasa hivi.

"Mwambie nina kazi, sitoki," alisema Mama Pasi. "Mwenye neno na aingie. Mlango uko wazi."

Mlinzi alimtazama, akatazama mlango, ambao kweli ulikuwa wazi. Alikwenda akiyarudia maneno hayo mdomoni ili asiyapoteze njiani.

Msimamizi alikuja mwenyewe, karatasi mkononi, katikati ya wimbo wa tatu. Mama mkwe alimsikia kwa viatu, akamwambia karibu baba, kiti hicho hapo, yeye akimaliza atakusikiliza. Msimamizi hakukaa. Alianza kueleza akiwa kizingitini kwamba hii sasa ni dharau, kwamba amevumilia vya kutosha, na mwenye nyumba hatakubali...

"Nikimaliza," santuri ilimkatiza. "Nikimaliza, nikimaliza, nikimaliza."

Alijaribu kuendelea juu yake, akashindwa. Mama Pasi aliisimamisha pasi kwenye kigae, akafuta mkono, akatembea hatua zake tatu. Kabla hajausukuma mkono wa gramafoni, alisema ile mistari iliyokosekana, taratibu, kwa sauti yake isiyokuwa ya mwimbaji: nina kazi, sitoki, mwenye neno na aingie. Kisha akasukuma, na santuri ikamalizia: mlango uko wazi. Alirudi mezani, akalowesha kidole, akagusa pasi, akaendelea na mgongo wa shati.

Msimamizi alikaa. Alikaa wimbo wa tatu wote uliobaki, na wa nne, na wa tano. Hakuwa na la kufanya isipokuwa kutazama jinsi mashati yake mwenyewe, yale manne yaliyonusurika, yanavyotimia kwenye hanga moja baada ya jingine. Mama mkwe alimuuliza habari za watoto, akajibu. Karatasi ilikuwa inakunjamana kwenye ngumi yake. Upande ulipoisha, sindano ikaanza kukwaruza katikati, Mama Pasi aliinua mkono wa gramafoni, akavuta kigoda na kuketi mbele yake.

"Sasa nakusikiliza, bwana msimamizi."

Alianza tena na habari ya muuguzi, kwamba mtu yule anahitaji kulala. Ng'ambo ya ua, pazia lilivutwa.

"Leo nililala vizuri," muuguzi alisema dirishani, "mpaka ulipokuja wewe kufoka hapo chini."

Uani mtu aliangusha kopo. Msimamizi alitazama viatu vyake. Alipozungumza tena alizungumza kama mtu mwenye mshahara wake mdogo, akasema la kweli: mwenye nyumba anataka kuwapangisha watu wa ofisi vyumba vya chini, Jumamosi anakuja nao, na amesema nyumba yenye santuri uani itaonekana ya watu ovyo. Yeye ametumwa. Asipopata sahihi, naye ana la kujibu.

Mama Pasi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alisema anamwelewa, na kutumwa si dhambi. Basi na yeye Mama Pasi anamtuma. Akamwambie mwenye nyumba kwamba chumba cha chini upande wa kushoto kina mpangaji anayelipa, anafanya kazi yake kwa muziki, na haweki sahihi. Kama ana neno, aje.

"Atakuja kweli, mama. Atakuja kesho. Na yeye si mpole kama mimi."

"Aje. Lakini aje asubuhi, kesho ni mashuka. Upande wa Mzee wa Saksafoni ni mrefu, na sizungumzi katikati."

Msimamizi aliinuka. Akamnyoshea karatasi, labda kwa mazoea tu, au ili aseme kwamba alimpa. Mama Pasi aliipokea. Ilikuwa imekunjamana kama kitu kilichotolewa mfukoni baada ya kufuliwa. Aliilaza mezani, akaifunika kitambaa chembamba, akaipiga pasi mbele na nyuma, akinyosha pembe moja moja. Akamrudishia ikiwa moto, imenyooka, haina hata mkunjo. Mahali pa sahihi palikuwa peupe.

"Mashati yako hayo," alisema. "Manne. Hayo yamo katika upande wa kwanza. Bado pande kumi na moja."

Msimamizi aliyachukua kwenye hanga zake, ameyainua juu yasiguse vumbi, na karatasi ameishika kwa vidole viwili. Alivuka ua mbele ya watu wote wa bombani.

*

Mchana alipiga suruali, na upande wa pili wa Ngazi ulipoisha mama mkwe alimeza vidonge vyake bila kuambiwa. Jioni fundi rangi alirudi na kopo dogo la mafuta ya kulainishia mashine. Aliuliza kilichotokea, akasimuliwa na mama yake, ambaye alimwigiza msimamizi vizuri kuliko inavyofaa kwa mtu asiyemwona. Fundi rangi alitia mafuta kwenye mhimili wa gramafoni, tone moja moja. Akauliza mwenye nyumba anakuja saa ngapi.

"Asubuhi."

Alifunga kopo. Akasema kesho hana haja ya kwenda mapema, wala pengine kwenda kabisa. Ukuta wa watu unaweza kungoja siku moja. Akiulizwa atasema unanyonya.

Mashuka yalikuwa kumi na mawili, ya nyumba ya wageni, yanatakiwa keshokutwa. Mama Pasi alikuwa ameanza nayo ili apunguze, lakini mkaa ulimwishia katikati ya shuka la tatu, nusu limenyooka kama karatasi na nusu limekunjamana. Hakutia mwingine. Aliyanyunyizia maji yaliyobaki, akayaviringisha moja moja na kuyapanga ndani ya beseni, akayafunika ili yasikauke. Lile la tatu alilikunja lilivyo, akaliweka juu kabisa. Kisha akatoa albamu ya Mzee wa Saksafoni kwenye jalada lake, akaiweka juu ya gramafoni, upande wa kwanza juu, sindano ikiwa bado kwenye kishikio chake. Akauacha mlango wazi kidogo, upepo uingie.